Kwa Mnaomtumia Mama Nebulaiza

Wajukuu zangu, nyinyi mlioondoka kwenye vibanja vyetu mkaenda kutafuta maisha Dar es Salaam, Mwanza, Kampala na ng'ambo, nawaandikia juu ya kile kifurushi mnachokipakia kwenye basi la Bukoba. Ndani yake mna nebulaiza, mpya, bado imefungwa nailoni, na pakiti za dawa pembeni. Mmeinunua kwa sababu mlipigiwa simu usiku, mkasikia pumzi ya mama ikikwaruza kuliko maneno yake. Ni tendo la upendo, na mimi niliyevaa sare ya uuguzi mpaka nywele zikageuka mvi silidharau hata kidogo. Ila mashine hiyo ikishafika Nshamba, Kamachumu au Kashai haijitumii. Inataka mtu: wa kuiosha, wa kuhesabu imewashwa mara ngapi, na zaidi ya yote wa kutambua saa ambayo yenyewe haitoshi tena na mgonjwa alipaswa kuwa njiani. Msipomwandaa mtu huyo, mmetuma nusu ya zawadi, na nusu hiyo yaweza kuua.

Kabla hujalipia chochote, uliza ugonjwa wenyewe ni upi. Huku kwetu mtu akibanwa kifua majirani husema ana pumu, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini kifua hubanwa kwa sababu nyingi. Kuna pumu yenyewe, ambayo mara nyingi huanza utotoni, huja na kuondoka, na huchochewa na vumbi, mafua, baridi au ukungu unaoota ukutani. Na Bukoba, mji unaopata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu haukosi pa kuota. Kuna ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Huo hauji na kuondoka. Unapanda polepole mwaka hadi mwaka, mpaka mama aliyezoea kubeba mkungu wa ndizi kutoka mwisho wa kibanja anajikuta ameketi njiani akiitafuta pumzi. Kuna mapafu yaliyobaki na makovu baada ya kifua kikuu kupona. Na kuna moyo uliochoka, unaojaza maji mapafuni, ambao usiku hutoa mlio unaofanana na wa pumu hata masikio yaliyozoea yakakosea. Mgonjwa huyu wa mwisho anahitaji dawa za moyo. Mashine yenu itamwongezea tu mapigo.

Ugonjwa ule sugu wa njia za hewa, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Watu wakiusikia hufikiria sigara. Sigara na kiko vina sehemu yao, nami nimewauguza wazee waliovuta kiko tangu ujana wao. Lakini wanawake wengi niliowaona wakihangaika na pumzi hawakuwahi kuvuta tumbaku. Walivuta jiko. Mafiga matatu, kuni zilizonyeshewa, chungu cha ndizi na maharage kinachokaa motoni asubuhi nzima, chumba kisicho na dirisha, na mtoto mgongoni. Nendeni kwenye visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba, au mwalo wowote wa Muleba, mwaone wanaobanika samaki wanavyosimama ndani ya moshi tangu alfajiri. Mapafu yao yanalipa.

Na hili la kifua kikuu nalisema kwa sauti ya juu. Kikohozi kilichozidi wiki mbili, jasho la usiku, kukonda, makohozi yenye damu: hapo mashine isiguswe nyumbani mpaka makohozi yapimwe. Nebulaiza humfanya mgonjwa akohoe. Akiwa na kifua kikuu ambacho hakijaanza kutibiwa, atawapulizia vijidudu watoto wanaolala chumba kile kile. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini kote, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Daktari kwanza, basi. Muleba hatujakosa pa kwenda: kuna Rubya na Kagondo za Kanisa Katoliki, kuna Ndolage ya Walutheri wa KKKT kule Kamachumu, na Bukoba mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wakishindwa hao watakuelekeza Bugando, Mwanza. Ukiwa mbele ya daktari muulize bila kuona haya: mama anahitaji mashine, au pampu ya mkononi pamoja na chupa yake itamtosha? Mara nyingi jibu ni pampu. Utafiti umerudiwa tena na tena, na umeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi, wakubwa kwa wadogo, hata wakati wa kubanwa, pampu ikitumiwa na chupa ya kuvutia dawa hufanya kazi sawa na nebulaiza, kwa muda mfupi zaidi na bila umeme. Mashine inawafaa hasa wale ambao mikono inatetemeka kiasi cha kushindwa kubonyeza, wale ambao akili imeanza kupotea kwa uzee, na wale ambao daktari amewaandikia dawa isiyopatikana kwenye pampu. Kama mama yako ni mmojawapo, inunue kwa moyo mweupe.

Mjue basi inavyofanya kazi, maana mtu huosha na kutunza vizuri kitu anachokielewa. Bomba la kupulizia dawa mibuni mnalijua: bila shinikizo la hewa dawa inatiririka tu, shinikizo likiwepo inatoka kama ukungu na kushika kila jani. Ndivyo ilivyo hapa. Kompresa inasukuma hewa kupitia mrija hadi kwenye tundu dogo chini ya kikombe cha dawa. Hewa ikipita kwa kasi inainyonya dawa na kuivunja kuwa matone madogo mno. Makubwa yanagonga kizuizi na kurudi kikombeni. Yenye ukubwa wa maikromita 1 hadi 5 ndiyo yanayoteremka hadi kwenye vijia vidogo vya mapafu. Yanayozidi hapo huishia mdomoni na kooni. Wazo hili si la jana: Mfaransa Sales-Girons alitengeneza kifaa cha kupuliza dawa kwa pampu ya mkono mwaka 1858, huko Paris. Salbutamol, dawa ambayo ndiyo wengi mnaitumia, iliingia sokoni mwaka 1969.

Nawaeleza haya kwa sababu mwaka 2020, korona ilipoingia, watu wengi walijifunika mablanketi juu ya sufuria za mkaratusi, mchaichai na malimau, na tangu hapo wapo wanaodhani nebulaiza ni nyungu inayotumia umeme. Siyo. Mvuke wa sufuria ni maji ya moto. Hauna dawa ya kulegeza njia ya hewa iliyojikaza, na sufuria hizo zimewaunguza watoto. Hatari kubwa zaidi inakuja mtu anapoigeuza mashine kuwa nyungu: anachukua mafuta ya mkaratusi, au maji ya majani aliyopewa na mganga, anayamimina kwenye kikombe cha mashine. Mafuta yakiingia mapafuni kwa matone madogo namna hiyo husababisha kichomi kibaya ambacho dawa za kawaida hazikigusi. Kikombe kile kinapokea dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya nebulaiza, na kama kuna haja ya kuongeza ujazo, maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9. Maji ya kisima hapana, ya mvua hapana. Hata yaliyochemshwa hapana, kwa sababu maji matupu yenyewe yanaweza kuikaza njia ya hewa. Na ile chupa kubwa ya maji ya dripu iliyofunguliwa Jumatatu, ikafunikwa kwa pamba na kutumiwa wiki nzima, itupeni. Nunueni vichupa vidogo vya plastiki, kila kimoja kwa mara moja.

Kipimo ni cha kuandikiwa. Kwa mtu mzima salbutamol huwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa mara moja, lakini karatasi ya daktari ndiyo inayoamua, nayo ibandikwe ukutani karibu na mashine, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Mgonjwa akae wima, asilale. Ashike kipande cha mdomoni kwa meno na midomo, au barakoa ikae usoni bila kuacha nafasi. Ukiishika mbali kidogo na uso wa mtoto kwa kumwonea huruma, dawa inaishia hewani. Avute pumzi polepole kwa mdomo. Dakika kama kumi hivi, kikombe kikianza kukoroma na kutema, kigonge kidogo kwa kidole, kikitema tena umemaliza. Tone dogo litakalobaki halina faida. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio kwa muda ni kazi ya salbutamol na hupita. Moyo ukidunda bila mpangilio au kifua kikiuma, zima, nendeni hospitali. Kama ameandikiwa ipratropiamu na ana presha ya macho, atumie kipande cha mdomoni badala ya barakoa, ukungu usimwingie machoni. Kama ni budesonaidi, asukutue mdomo na kunawa uso kila akimaliza, la sivyo ulimi utaota utando mweupe.

Sasa kuosha. Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ninapoona mashine nyingi nzuri zikigeuka sumu. Nimeingia nyumba ambazo kompresa imefunikwa kitambaa cha kufuma, inang'aa, na kikombe cha dawa kina utelezi ndani na harufu ya uvundo. Vijidudu vinapenda unyevunyevu wa kikombe kile kuliko mahali pengine popote, na kila ukiwasha unavisafirisha moja kwa moja hadi chini ya mapafu ya mtu ambaye tayari ni dhaifu. Kila baada ya kutumia, fungua kikombe vipande vyote. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kung'uta, weka juu ya kitambaa safi vikauke vyenyewe kwa hewa. Usivifute kwa khanga. Mrija hauoshwi kwa ndani. Uchomeke, washa mashine sekunde chache hewa iukaushe, na ukiona maji au madoa meusi ndani yake nunua mwingine. Mara kwa mara, kama karatasi ya mtengenezaji inaruhusu, chemsha kikombe na kipande cha mdomoni kwa dakika tano. Kichujio cha hewa kilichogeuka kijivu kibadilishwe. Na kompresa isikae jikoni, kwa sababu ndiyo inayovuta hewa ya chumba na kumpa mgonjwa. Ikivuta moshi, atavuta moshi pamoja na dawa.

Nyumba yenye nebulaiza haikawii kujulikana kijijini. Atakuja jirani usiku na mtoto anayekoroma, na kwetu jirani hafukuzwi mlangoni. Sisemi umfukuze. Sema hivi na watu wa nyumbani mapema: kompresa inaweza kuazimwa, lakini kikombe, mrija na barakoa ni vya mtu mmoja, na kila mgonjwa anakuja na vyake. Nunua seti mbili au tatu za ziada uzifungie kwenye mfuko. Dawa ya bibi si ya mtoto wa jirani. Kipimo si kile kile na huenda ugonjwa si ule ule, mtoto anayehema haraka mwenye homa anaweza kuwa na nimonia. Huyo apakizwe bodaboda aende kituo cha afya, na mnayemsaidia nauli mmemsaidia kuliko mliyemwazima barakoa.

Nimesema mashine inaweza kuua, na neno hilo silitumii kwa kutisha watu. New Zealand iliwahi kupitia miaka ambayo vifo vya pumu vilipanda kwa namna ya kutisha. Mwaka 1987 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchunguzi wa vifo 75 vya wagonjwa wa pumu nchini humo ambao walikuwa wameandikiwa nebulaiza za nyumbani. Moja ya mambo waliyoyakuta wachunguzi ni kuchelewa. Kulikuwa na watu waliokaa na mashine yao, wakawasha, wakapata nafuu ya muda, wakawasha tena, na saa ya kuokoka ikapita wakiwa sebuleni. Ile ni nchi yenye barabara na magari ya wagonjwa. Hebu mfikirieni mama aliyeko kisiwani Goziba.

Salbutamol inalegeza misuli iliyokaza njia ya hewa. Uvimbe ulio ndani ya njia hiyo haiuondoi. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu anayepata nafuu kwa saa mbili, kisha akaihitaji tena, kisha baada ya saa moja, ugonjwa wake unapanda huku dawa ikimfunika macho. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu duniani wameacha kushauri mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Anapaswa kuwa na dawa ya kutuliza uvimbe, ya kuvuta kwa pampu, hata siku anazojisikia mzima. Hiyo ndiyo inayomfanya asiihitaji mashine. Nisikilizeni hapa, kwa sababu uoga ulioko vijijini kwetu ni mkubwa: watu wanasema pampu ikishazoeleka huachi, wengine wanasema inamaliza mapafu, na mama anaificha kabatini akisubiri azidiwe. Dawa ya kutuliza uvimbe hailevyi wala haimfungi mtu. Kinachotakiwa kuwaogofya ni pampu ya salbutamol yenye mivuto 200 kumalizika kila mwezi. Hapo kifo kimesogea.

Wengine mnauliza juu ya kahawa, maana sisi ni watu wa kahawa, tunatafuna na kunywa. Ni kweli kwamba kafeini hulegeza njia ya hewa kidogo kwa saa chache. Daktari Mwingereza Henry Hyde Salter aliandika hivyo katika miaka ya 1860 huko. Mama anywe kahawa yake kwa raha. Asiihesabu kuwa dawa.

Dalili za kuondoka nyumbani mtu wa mashine azijue kwa moyo. Mgonjwa hamalizi sentensi bila kukata pumzi. Mbavu au shimo la shingo linaingia ndani kila akivuta. Mtu mzima anapumua zaidi ya mara 25 kwa dakika, mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano zaidi ya mara 40. Midomo au ulimi unageuka rangi ya samawati au kijivu. Anasinzia au anaongea ovyo. Dozi ya kwanza haikuleta nafuu, au nafuu haikudumu kwa muda wa saa nne. Na moja inayowadanganya wengi: mlio wa kifua unakoma ghafla huku mgonjwa bado anahangaika. Ndugu hufurahi, wanasema ametulia. Kifua kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti tena. Ikionekana dalili hata moja kati ya hizi, gari, pikipiki au mtumbwi uitwe wakati huo huo, na dawa iendelee kutolewa mkisubiri na mkiwa njiani.

Njiani, sasa. Kwenye bodaboda hakuna soketi. Kwenye mtumbwi wa kutoka Bumbire hakuna soketi. Na nyumbani kwenyewe mnajua hali: kwa miaka mingi umeme wa Kagera ulivuka mpaka kutoka Uganda, na waliolala gizani mvua ya radi ikinyesha hawahitaji kusimuliwa, siku nyingine umeme upo ila uniti za LUKU zimeisha usiku wa manane. Kwa hiyo hata nyumba yenye nebulaiza bora kuliko zote lazima iwe na pampu ya salbutamol na chupa yake. Chupa ya dukani ikikosekana, itengenezwe. Mwaka 1999 daktari Heather Zar wa Cape Town na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet kwamba, kwa watoto wenye pumu, chupa ya plastiki ya nusu lita ilifanya kazi sawasawa na ya kiwandani. Chukua chupa safi ya maji. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa pampu, upashe moto, toboa kitako cha chupa. Ingiza pampu, ziba pembeni kwa gundi au plasta hewa isivuje. Mgonjwa anaweka midomo pale pa kunywea. Tikisa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi polepole ndani ya chupa mara nne au tano. Tikisa tena, bonyeza tena. Akiwa amebanwa, mivuto minne hadi kumi, kila baada ya dakika 20 kwa saa ya kwanza, na wakati huo safari imeshaanza.

Wenye uwezo zaidi mnatuma na oksijeni. Tangu korona mitungi na mashine zake zimeingia majumbani, na kipimo cha kidoleni pia. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa njia za hewa msijifungulie tu. Oksijeni ikizidi, baadhi yao hewa chafu hujazana mwilini, mgonjwa anasinzia, watu wanadhani amepumzika, kumbe anapotea. Madaktari huwalenga kati ya asilimia 88 na 92, si 100. Na chumba chenye oksijeni hakiingii kiko, koroboi wala jiko la mkaa.

Kuhusu jiko lenyewe: mnatuma fedha za dawa kila mwezi na mama anarudi kuinama juu ya mafiga yale yale. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Msisubiri 2034. Mtungi wa gesi, au kama gesi inapanda bei basi jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi, dirisha lililopanuliwa, kuni zilizokaushwa chini ya paa. Mjue pia kwamba mtoto wa Kihaya hamwamrishi mama yake jikoni kwake. Ukimwambia acha mafiga atakujibu ndiyo waitu, kisha ukipanda basi atawasha moto. Mpitie shangazi yake, au mchungaji, au padre, au mwanamke wa rika lake aliyekwisha kubadilisha na akaona tofauti. Na mkipewa ndizi zilizopikwa kwenye gesi mle mpaka mwisho, mseme ni tamu, kwa sababu kinachowazuia wazee wengi ni ladha.

Simu nayo ni chombo cha uuguzi mkijua kuitumia. Mama hatakwambia ukweli. Atasema niko salama, asije akakugharimu nauli. Usimuulize kama amepona. Muulize mashine imewashwa mara ngapi tangu jana, na vichupa vingapi vimebaki kwenye boksi, kisha hesabu wewe mwenyewe. Msikilize kama anamaliza sentensi. Mwambie avute pumzi ahesabu kwa sauti hadi atakapoishia, kila Jumapili, uandike namba. Wiki ambayo namba inashuka na vichupa vinaisha haraka ndiyo wiki ya kumpeleka, kabla hajazidiwa.

Na yule mtu wa mashine ni nani? Mara nyingi ni mjukuu wa darasa la sita anayelala na bibi, kwa sababu wengine wote wako kwenu mjini. Msimdharau kwa umri wake. Watoto wa mkoa huu wamewauguza wakubwa katika miaka migumu kuliko hii, tangu ukimwi ulipogunduliwa hapa Kagera mwaka 1983. Lakini asiachiwe peke yake: awepo jirani mmoja mtu mzima aliyefundishwa pamoja naye. Mkija Krismasi, kabla ya senene na harusi, tengeni asubuhi moja. Mtoto aoshe kikombe mbele yenu. Azime swichi kuu ya umeme, achukue pampu na chupa, ampe bibi dawa huku mkimtazama. Ataje dalili bila kusoma ukutani. Angalieni tarehe ya mwisho kwenye kila kichupa. Mwandikieni namba ya mwenye pikipiki anayelala karibu na namba ya pili ya mwingine, kama mnaishi kisiwani namba ya mwenye mtumbwi wa injini, na hela ya safari ikae kwa jirani yule, kwenye bahasha ambayo haiguswi kwa sukari wala kwa ada. Mpangeni hospitali ya kwenda, na mtakayempigia mkiwa njiani. Kisha ndiyo mpande basi.